Sevilla: mnara mrefu na kanisa dogo

Siku moja, tulipokwisha somo la katekisimu, mzee mmoja aliyekuwa akijitayarisha kupokea ubatizo alibaki nyuma. Wenzake walipotoka wote, akaniuliza: «Mwalimu, umetufundisha kwamba watu wa Ulaya waliipokea Injili zamani sana. Tena wazee wetu walituambia kwamba Wakristu wa kule walikuja pwani ya Afrika kununua watu. Je, siku zile walipokuwa wakinunua watu, walikuwa wakisali?» Nilimjibu: «Ndiyo, mzee, walikuwa wakisali.» Akanyamaza kidogo, akashika fimbo yake, akasema: «Basi, utanieleza siku nyingine.»

Swali la namna hii halijibiwi kwa neno moja. Nilitafuta jibu katika vitabu vya historia, nikafikishwa kwenye mji mmoja wa Hispania, jina lake Sevilla. Leo nawaomba tufunge safari pamoja kwa mawazo, tuutembelee mji huo kama wageni wanavyoutembelea. Tutaanza chini ya mnara mrefu, ambao kila mgeni anautafuta kwa macho tangu mbali. Tutamaliza mbele ya kanisa dogo, ambalo wageni wengi hupita karibu nalo bila kusimama.

MJI WA MTONI

Sevilla uko upande wa kusini wa Hispania. Haukujengwa baharini, bali kando ya mto, mbali na bahari kilometa 80 hivi. Mto wenyewe unaitwa Guadalquivir; jina hilo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni Mto Mkubwa. Zamani meli za bahari ziliweza kupanda mto huo mpaka kufika mjini. Basi mji ulipata faida mbili: bidhaa za bahari ziliufikia, lakini maadui wa bahari hawakuufikia kwa urahisi.

Warumi waliuita Hispalis. Imani ya Kristu iliingia humo mapema. Mwishoni mwa karne ya 3 waliuawa humo kwa ajili ya dini Watakatifu Justa na Rufina, ndugu wawili wa kike. Hawakuwa watoto wa wakubwa. Walikuwa wafinyanzi, wakiuza vyungu na vyombo vya udongo. Masimulizi yao yanasema kwamba walikataa kutoa vyombo vyao kwa ibada ya sanamu, na kwa hiyo walikamatwa. Mpaka leo wachora picha wanawaonyesha wakiwa na vyungu miguuni pao, na katikati yao ule mnara mrefu wa mji, kana kwamba wanaushika usianguke. Wauza vyungu ndio wanaolinda mnara!

Baadaye alikuwako Askofu Mtakatifu Isidoro, aliyeongoza Wakristu wa Sevilla tangu mwaka 600 hivi hata kufa kwake mwaka 636. Huyu aliandika kitabu kikubwa cha sehemu 20, akikusanya ndani yake elimu yote ya wakati wake: habari za Mungu, za nyota, za wanyama, za kilimo, hata za vyombo vya nyumbani. Mwaka 1722 Baba Mtakatifu alimweka katika hesabu ya Walimu wa Eklezya.

Mwaka 711 majeshi ya Waislamu yalivuka bahari toka Afrika ya kaskazini, na muda si muda mji wa Sevilla ukawa mikononi mwao. Waliutawala zaidi ya miaka 500, wakaupamba kwa bustani, visima na majumba. Halafu, tarehe 23 Novemba 1248, Mfalme Fernando wa Tatu wa Castilla aliuteka baada ya kuuzunguka kwa vita miezi mingi, na Waislamu wengi wakalazimishwa kuondoka. Mfalme huyo ndiye Mtakatifu Fernando, ambaye sikukuu yake ni tarehe 30 Mei.

MNARA NA KANISA KUU

Sasa tusimame chini ya mnara. Jina lake ni Giralda. Waislamu waliujenga kwa matofali kati ya miaka 1184 na 1198, uwe mnara wa msikiti wao mkubwa. Ukiingia ndani hukuti ngazi, bali njia ya kupanda polepole yenye sehemu 35 mpaka juu, pana ya kutosha mnyama wa kupandwa. Ilifanywa hivyo ili mtu wa kuwaita watu kusali aweze kupanda juu ya mnyama wake, asichoke.

Wakristu walipouteka mji waliufanya msikiti ule kuwa kanisa. Mwaka 1401 mapadri wakuu wa kanisa hilo walikusanyika, wakaamua kuubomoa na kujenga kanisa jipya. Husimuliwa kwamba walitaka liwe kubwa hata watu watakaokuja nyuma wafikiri wajenzi wake walikuwa na wazimu. Kazi ilichukua miaka zaidi ya 100, ikamalizika mwaka 1506. Likawa kanisa kubwa kuliko yote yaliyojengwa kwa namna ile ya matao yenye ncha, inayoitwa Gotiko. Lakini mnara hawakuubomoa. Kati ya miaka 1558 na 1568 waliuongezea sehemu ya juu ya kutundikia kengele, ukapita meta 100 kwa urefu. Uwanja wa msikiti pia ulibaki. Umepandwa michungwa, na maua yake yanapofunguka harufu yake inajaa mahali pote.

Juu kabisa waliweka sanamu ya shaba, mfano wa mwanamke. Sanamu hiyo ni alama ya Imani. Tena iliwekwa kwa ufundi wa kugeuka na upepo, ionyeshe upepo unatoka wapi. Ndiko mnara ulikopata jina lake, maana kwa Kihispania kugeuka ni girar. Sanamu ya Imani inayogeuka na upepo! Tuweke neno hili akilini, tutalihitaji mbele.

Tukiingia kanisani, macho yanavutwa kwanza kwenye altare kubwa. Nyuma yake pamesimamishwa ukuta mkubwa wa mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu. Kazi hiyo ilianza mwaka 1482, ikapita mikononi mwa mafundi wengi. Maisha ya Bwana wetu Yezu Kristu na ya Mama yake yamechongwa humo, picha moja baada ya nyingine, ili hata asiyejua kusoma aweze kufuata. Kwetu sisi makatekista ukuta huo ni katekisimu ya mti.

Nyuma ya altare kuu ni kanisa la wafalme, na humo mwili wa Mtakatifu Fernando umelazwa katika sanduku la fedha. Kwenye kaburi lake sifa zake ziliandikwa kwa lugha nne: Kilatini, Kihispania, Kiarabu na Kiebrania. Hizo ndizo lugha za watu waliokuwa chini ya mfalme: Wakristu, Waislamu na Wayahudi. Lakini angalieni, ndugu: mwaka 1391 Wayahudi wengi wa mji huo waliuawa na Wakristu katika ghasia kubwa, na mwaka 1492 Wayahudi wote waliokataa ubatizo walifukuzwa katika nchi. Maneno ya Kiebrania yalibaki juu ya jiwe, wenye lugha hawakubaki.

Karibu na mlango wa kusini wageni wengi husimama kutazama kaburi la Kristoforo Kolombo. Sanamu nne za watu wakubwa zimebeba jeneza mabegani, kila moja kwa ajili ya ufalme mmoja wa Hispania. Mifupa yake ililetwa hapa toka kisiwa cha Kuba, Hispania ilipopoteza kisiwa hicho mwaka 1898. Sisi tutazame kwa heshima, tutoke nje. Habari tunayoitafuta iko mlangoni.

NGAZI ZA KANISA

Kanisa kuu limezungukwa na ngazi za mawe, na nguzo zilizofungwa minyororo. Katika karne ya 16 mahali hapa palikuwa soko. Wafanya biashara walikusanyika juu ya ngazi hizi kupatana bei; mvua ikinyesha au jua likiwa kali, waliingia hata ndani ya kanisa. Juu ya ngazi hizi walinadi nguo, vyombo vya fedha, farasi. Tena walinadi watu. Mtumwa alisimamishwa, akatazamwa meno na mikono, mnadi akapaza sauti, na aliyetoa bei kubwa akaondoka naye. Ndani ya ukuta ule ule mapadri walikuwa wakisoma Misa.

Wengi wa watumwa hao walikuwa Waafrika. Wengine walikuwa Waislamu waliotekwa vitani. Waafrika wa kwanza waliletwa kwa njia ya jangwa la Sahara, na tangu miaka ya 1440 na kuendelea meli za Wareno zilileta wengi zaidi toka pwani ya Gine. Katika hesabu ya mwaka 1565, watumwa walikuwa zaidi ya 6,000 kati ya watu 85,000 hivi. Maana yake, katika kila watu 13 au 14 uliokutana nao njiani, mmoja alikuwa mali ya mwenzake. Wenye kumiliki watumwa hawakuwa wakubwa tu. Mafundi walikuwa nao, wajane walikuwa nao, na hata mapadri na nyumba za watawa.

Hatua chache toka ngazini pana nyumba kubwa ya pembe nne, yenye kuta nyekundu na nyeupe. Ilijengwa tangu mwaka 1584 ili wafanya biashara wapate mahali pao, wasilichafue tena kanisa. Tangu mwaka 1785 imekuwa nyumba ya kulindia maandiko ya kale ya nchi zote za Hispania ng'ambo ya bahari. Humo zimetunzwa kurasa zinazokaribia milioni 80. Wataalamu toka nchi zote huja kuzisoma. Na katika karatasi hizo mmeandikwa pia majina ya meli za watumwa, na hesabu ya vichwa.

JUMBA LA WAFALME

Upande wa pili wa uwanja ni jumba la wafalme, liitwalo Alcázar. Sehemu yake nzuri kuliko zote ilijengwa na Mfalme Pedro, tangu mwaka 1364, kwa mikono ya mafundi wa desturi za Kiislamu. Mfalme alikuwa Mkristu, lakini kuta zake zimejaa maandishi ya Kiarabu. Wageni huzunguka humo nusu ya siku, wakistaajabia dari za mbao, vigae vya rangi na bustani zenye maji.

Ndani ya jumba hilo, mwaka 1503, Malkia Isabela aliweka ofisi ya biashara ya ng'ambo. Meli yo yote ya kwenda Amerika ilipaswa kupata ruhusa yake. Katika chumba cha ofisi hiyo iko picha ya Bikira Maria iliyochorwa katika miaka ya 1530 na fundi Alejo Fernández. Mama Maria amefungua joho lake pana juu ya bahari, na chini yake wamekusanyika mabaharia, wakubwa na wenyeji wa Amerika. Ni picha ya kutuliza moyo. Lakini ofisi iliyosali mbele ya picha hiyo ndiyo iliyotoa ruhusa za kupeleka watumwa, na kutoza kodi juu ya kila kichwa. Mwaka 1595 Mfalme wa Hispania alimpa mfanya biashara mmoja Mreno haki ya kupeleka Amerika watumwa 4,250 kila mwaka, kwa muda wa miaka 9. Tangu hapo wengi walitolewa katika bandari ya Luanda. Walikuwa watu wa Angola na wa pande za Kongo.

Je, hakuna aliyeona kwamba ni dhambi? Alikuwako. Bartolomé de las Casas alizaliwa katika mji huu huu mwaka 1484. Alikwenda Amerika, akawa padri, akaona namna wenyeji wa kule walivyoteswa, akaanza kuwatetea kwa nguvu. Lakini katika kuwatetea aliteleza: mwaka 1516 aliushauri utawala wa Hispania upeleke watumwa kule, ili wenyeji wapumzike. Miaka ikapita. Akasoma habari za Wareno, akafahamu jinsi Waafrika walivyokamatwa bila haki. Akatubu. Aliandika kwamba utumwa wa Waafrika ni udhalimu sawasawa na ule wa Waamerika, na kwamba yeye mwenyewe hana hakika kama kutojua kwake kutamwombea udhuru mbele ya hukumu ya Mungu. Aliwekwa Askofu hapa Sevilla mwaka 1544, katika kanisa la Wadominiko, ambapo leo ni parokya ya Magdalena. Lakini kitabu kile chenye maneno ya toba yake hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1875. Ukweli ulikaa sandukuni zaidi ya miaka 300.

MTO UNAOTUHUSU

Tuteremke sasa mpaka mtoni. Hapa umesimama mnara mwingine, mfupi na mnene, wenye pande 12, unaoitwa Mnara wa Dhahabu. Waislamu waliujenga mwaka 1220 na 1221 kulinda bandari. Toka bandari hii, mwezi wa Agosti 1519, ziliondoka meli tano za Magellan. Mwezi wa Septemba 1522 ilirudi moja tu, imeizunguka dunia yote, na ndani yake watu 18. Wakashuka miguu mitupu, na mishumaa mikononi, wakaenda kumshukuru Bikira Maria kanisani.

Lakini mto huu unatuhusu sisi watu wa Kongo kwa njia nyingine. Mnajua kwamba Mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka 1491, na kwamba mwanawe Afonso alikuwa Mkristu wa moyo wote. Mwaka 1526 Mfalme Afonso alimwandikia Mfalme wa Ureno barua ya uchungu, akilia kwamba wafanya biashara wanawakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na kwamba nchi inabaki tupu. Akaomba apelekewe mapadri na walimu, si wafanya biashara. Miaka mingi baadaye, mwaka 1645, Mapadri Wakapusini wa kwanza walitweka tanga katika bandari ya Sanlúcar, mahali mto huu unapoingia baharini. Mwaka ule ule walishuka Soyo, pwani ya Kongo, kuhubiri Injili.

Basi mdomo mmoja wa mto ulitoa meli za namna mbili. Moja ilikwenda na msalaba, nyingine ilikwenda na minyororo. Mara nyingine msalaba na minyororo vilipanda meli moja.

KANISA DOGO

Tuvuke mji sasa, tuelekee upande wa mashariki, nje ya mahali paliposimama kuta za zamani. Katika njia iitwayo Recaredo tutaona kanisa dogo lenye mlango wa kawaida. Ni kanisa la Bikira Maria wa Malaika. Watu wa Sevilla wanajua wenyewe wake kwa jina moja: Los Negritos, ndiyo kusema Weusi Wadogo.

Asili yake ni hii. Mwishoni mwa karne ya 14 Askofu Mkuu wa Sevilla alikuwa Gonzalo de Mena. Aliona Waafrika wakiachwa njiani. Mtumwa akizeeka au akiugua, bwana wake alimpa uhuru ili asimlishe. Uhuru gani huo, ndugu, wa kumfukuza mgonjwa? Askofu akawafungulia nyumba ya wagonjwa, na hapo kikaanza chama chao cha ndugu, cha kusali na kuzikana na kusaidiana. Askofu huyo alikufa mwaka 1401, chama hakikufa. Kimetimiza sasa miaka zaidi ya 600.

Nyuma ya kanisa iko njia iitwayo Conde Negro, yaani Mkubwa Mweusi. Jina hilo ni ukumbusho wa Juan de Valladolid, Mwafrika ambaye mwaka 1475 wafalme walimweka kuwa mkubwa na mwamuzi wa watu weusi wote wa Sevilla, awakatie mashauri yao na kuwasimamia katika ndoa zao.

Msidhani kwamba walikaa kwa raha. Kila mwaka katika Juma Takatifu vyama vya Sevilla hubeba sanamu za Mateso ya Bwana katika njia za mji. Waafrika nao walitoka na sanamu yao, na watazamaji wakawacheka, wakawazomea. Mwaka 1604 ulitokea ugomvi kati yao na chama kimoja cha mabwana wakubwa, juu ya nani atangulie njiani. Kesi ikafunguliwa, na Waafrika wakakatazwa kutoka. Je, walitawanyika? Walivumilia, wakashika haki yao bila kuiacha Eklezya, na mwaka 1625 Papa Urbano wa Nane alikithibitisha chama chao kwa barua yake. Wakati huo huo walimwagiza fundi Andrés de Ocampo awachongee Kristu msalabani. Kazi hiyo ni ya mwaka 1622, nayo ingali humo kanisani.

Jambo moja zaidi lasimuliwa mpaka leo, nami siwezi kulipita. Katikati ya karne ya 17 vyama vya Sevilla vilishindana katika kumheshimu Bikira Maria Mkingiwa dhambi ya asili, ingawa Eklezya ilikuwa bado kuitangaza dogma hiyo. Iliitangaza mwaka 1854. Waafrika walitaka kufanya sikukuu, lakini hawakuwa na fedha. Ndugu wawili waliokuwa watu huru, Fernando de Molina na Pedro Francisco Moreno, waliutoa uhuru wao kuwa rehani ili fedha ipatikane. Mimi sisemi kwamba tuwaige katika tendo lenyewe. Uhuru ni zawadi ya Mungu, haufai kuuzwa. Lakini fikirini: mji mzima ulikuwa ukiwauza watu kwa ajili ya fedha, na watu wawili wakajiuza kwa ajili ya upendo.

Leo wengi wa chama hicho ni watu weupe wa Sevilla. Lakini jina hawakulibadili, wala hawaoni aibu juu yake. Kila Alhamisi Kuu wanatoka na Kristu yule na Bikira wa Malaika. Na mwaka 2019 sanamu ya Mama huyo ilivikwa taji kwa idhini ya Eklezya.

MASWALI YA KATEKISTA

Liko jambo linalotugusa hasa sisi tunaofundisha dini. Katika bandari za Afrika watumwa wengi walimwagiwa maji wakati wa kupandishwa melini, bila kufundishwa neno lo lote. Wengine walidhani maji yale ni alama ya bwana wao mpya, au dawa ya kuwachinja vizuri. Mwaka 1614 Askofu Mkuu wa Sevilla, Pedro de Castro, alitoa maagizo kwa mapadri wake: wawaulize watu weusi mmoja mmoja, kwa msaada wa wakalimani, kama walielewa maana ya ubatizo na kama waliutaka. Asiyekuwa ameelewa afundishwe na kubatizwa sawasawa.

Katika kazi hiyo hiyo alijulikana Padri Alonso de Sandoval, Myezuiti, aliyezaliwa Sevilla mwaka 1576. Alifanya kazi Cartagena, bandari ya Amerika ambako meli za watumwa zilishusha watu. Aliingia ndani ya meli, akiwapa maji na matunda kwanza, kisha mafundisho. Kitabu chake juu ya namna ya kuwahudumia Waafrika kilipigwa chapa hapa Sevilla mwaka 1627. Mwanafunzi wake katika kazi hiyo alikuwa Mtakatifu Petro Claver, aliyejiita mtumwa wa Waafrika siku zote.

Lakini Sandoval naye alikuwa na neno lililomsumbua. Alimwandikia Myezuiti mwenzake aliyekaa Luanda, akamwuliza: watu hawa walikamatwa kwa haki? Mwaka 1610 jibu likarudi kwamba asifadhaike, kwani watu wa elimu na wa dhamiri njema hawaoni ubaya. Ndipo tunapokumbuka ile sanamu ya Imani juu ya mnara. Upepo wa biashara ulipovuma, imani ya watu wengi wasomi iligeuka nao. Imani ya wale wa kanisa dogo haikugeuka.

Nimalize matembezi yetu kwa picha moja. Mchoraji Velázquez alizaliwa Sevilla mwaka 1599. Alipokuwa kijana bado alichora mtumishi wa kike, mweusi, ameinama jikoni kati ya vyungu na vitunguu saumu. Picha hiyo sasa iko Dublin, katika nchi ya Irlandi. Miaka mingi watu waliiona kuwa picha ya jikoni tu. Mwaka 1933 iliposafishwa, nyuma ya mtumishi likaonekana dirisha, na katika dirisha Bwana Yezu mezani na wanafunzi wa Emausi, anaumega mkate. Bwana alikuwa nyuma ya mtumishi yule siku zote. Uchafu ndio uliomficha.

JIBU KWA MZEE

Nilirudi kwa yule mzee, nikamwambia haya yote. Nikamwambia pia kwamba mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alisimama katika kisiwa cha Gorée, kule Senegali, mahali watumwa walipopakiwa, akaomba msamaha kwa ajili ya dhambi ya Wakristu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Kumbe walikuwa wakisali wote, waliouza na waliouzwa. Basi si kusali peke yake.» Nikamwambia: «Ndiyo hivyo, mzee.» Akaendelea: «Na sisi je, tunaposali Dominika, hakuna tunayemnunua?»

Swali hilo nawaachieni ninyi, ndugu wasomaji, kama alivyoniachia mimi. Yuko mtoto yatima, tuliyemchukua kwa jina la kumlea, naye halali mpaka vyombo vyote vimeoshwa, wala hapelekwi shule pamoja na watoto wetu. Yuko Mbuti anayelima shamba letu siku nzima kwa mkungu wa ndizi, nasi hatumpi nafasi ya kukaa katika benchi letu kanisani. Yuko kijana anayechimba mawe chini ya ardhi, na deni lake kwa mkubwa wake haliishi. Hao wote Bwana yuko nyuma yao dirishani.

Mtakapopata nafasi ya kuutembelea mji wa Sevilla, au mji wo wote wa zamani, tazameni mnara, mmsifu Mungu kwa ajili ya akili za wanadamu. Kisha ulizeni: kanisa dogo liko wapi? Na sisi tusiokwenda mbali, tuulize swali hilo katika parokya yetu.

Mtakatifu Petro Claver, utuombee.